Komponenti za tayari kwenye programu za deskitopu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ninayoulizwa sana na watu wanaoandika programu za kwenye kompyuta, zile zenye fomu na gridi na menyu, sio za wavuti. Nimeyajibu jinsi nilivyoyaona kwenye kazi. Mengine nimeenda nayo kwa kirefu maana ndo yanayoua miradi, mengine mistari miwili mitatu inatosha.

Komponenti ya tayari ni nini hasa?

Ni kipande cha skrini ambacho mtu mwingine ameshakiandika na kukitesti, wewe unakiweka kwenye fomu yako, unakipangia propati zake (rangi, ukubwa, maandishi), unasikiliza iventi zake (kabonyezwa, kabadilishwa, kapoteza fokasi, yaani mtumiaji kahamia kwingine) basi unaendelea na kazi. Kitufe ni komponenti, sehemu ya kuandikia ni komponenti, gridi ya data, kalenda, chati, mti wa mafolda, utepe wa menyu wa juu, vyote hivyo. Zingine zinakuja na fremuweki yenyewe (ule msingi wa tayari unaojengea programu yako), zingine unazipakua bure, zingine unanunua.

Kwa nini nisiandike mwenyewe? Naona ni kazi ya siku mbili tu.

Hili swali nalipenda maana na mimi nilikuwa nawaza hivyohivyo. Chukua kitu kinachoonekana chepesi kuliko vyote, sehemu ya kuandikia maandishi ya mstari mmoja. Unachora boksi, unapokea herufi, unaonyesha kasa (kale kamstari ka pale unapoandika) inayowaka na kuzima, umemaliza. Halafu mtu anataka kuchagua neno kwa kubonyeza mara mbili. Anataka kukopi na kupesti. Anataka kurudisha alichofuta. Anashikilia Shift na mshale anategemea uchaguzi uongezeke, anabonyeza Ctrl na mshale anategemea aruke neno zima. Maandishi yakizidi upana yanatakiwa yasogee yenyewe. Mwingine anaandika Kiarabu, yanaenda kulia kwenda kushoto, tena katikati ya sentensi ameweka namba ambazo zinasomeka kushoto kwenda kulia. Mwingine anaandika Kichina au Kijapani, anachapa herufi kadhaa kwanza ndo anachagua neno kwenye orodha inayotokea chini ya kasa. Na asiyeona anategemea programu ya kusoma skrini imsomee alichoandika. Yote hayo yamo kwenye kile kiboksi kidogo unachokiburuta kwenye fomu kwa sekunde moja, na kuna watu wametumia miaka kuyakamilisha.

Sasa kama kiboksi ndo hivyo, gridi je?

Kwahiyo msimamo wangu ni huu: vitu vigumu vya kawaida chukua vya tayari, gridi, kalenda, kihariri cha maandishi, chati. Kile ambacho ndo roho ya programu yako, ambacho hakuna mwingine anacho, hicho andika mwenyewe. Unatengeneza programu ya kupanga viti vya ukumbi? Ramani ya viti iandike, usiende kuikunjakunja gridi ya mtu mpaka ifanane na ukumbi, utateseka zaidi ya kuandika upya.

Hii habari ya kuburuta vipande ilianza lini?

Zamani kuliko wengi wanavyodhani. Interface Builder ya kompyuta za NeXT ilitoka 1988, na humo tayari ulikuwa unaweka vitufe kwenye dirisha kwa mausi na kuviunganisha na kodi, yaani maandishi ya programu. Ila iliyofanya watu wengi waingie ni Visual Basic ya Microsoft, toleo la kwanza 1991, sababu iliruhusu watu wa nje watengeneze kontro zao (ndo komponenti hizihizi) na kuziuza, zile zilizoitwa VBX, na hapo likazaliwa soko zima. Borland wakaja na Delphi 1995 na maktaba yake ya VCL ambayo mpaka leo kuna programu zinaendeshwa nayo. 1996 ikaja ActiveX, kontro za Microsoft zilizorithi nafasi ya VBX, Java wakaleta Swing ndani ya Java 1.2 mwaka 1998, Microsoft wakaleta fremuweki ya Windows Forms na .NET ya kwanza 2002, kisha WPF 2006. Upande wa fremuweki zinazoendesha mifumo zaidi ya mmoja, Qt ilitolewa kwa umma 1995, GTK ilizaliwa kwa ajili ya programu ya picha ya GIMP, na wxWidgets ilianzishwa 1992 Edinburgh.

Naisema historia hii kwa sababu moja: ukienda kazini utakutana na vyote hivyo bado viko hai, sio jumba la makumbusho.

Nianze na fremuweki gani?

Inategemea itaendesha wapi. Kama ni Windows peke yake na unajua C#, Windows Forms kwa fomu za kazi za haraka, WPF kama unataka muonekano wako mwenyewe na data ziunganishwe na skrini kwa utaratibu. Kama ni Windows na Linux na Mac kwa pamoja, Qt ni imara sana, au wxWidgets kama unataka programu ionekane kama zile nyingine za mashine husika, maana yenyewe inatumia kontro za mfumo wenyewe badala ya kuzichora. Wa Pascal waende Lazarus. Wa Python waanze na Tkinter kwa kitu kidogo, wakikua wahamie PySide, yaani Qt kwa Python.

Na Electron? Ni kivinjari cha Chromium kizima na Node.js (kiendeshi cha JavaScript) vimefungwa pamoja, kwahiyo komponenti zote za wavuti ni zako, na Visual Studio Code imejengwa juu yake. Bei yake ni memori na ukubwa wa faili la kuinstoli. Timu ikiwa inajua wavuti tu, ni uamuzi wa haki kabisa.

Gridi yangu inakwama nikipakia rekodi laki moja. Ninunue gridi nyingine?

Subiri kwanza, usitoe hela. Mara nyingi gridi haina kosa.

Gridi nzuri haichori laki moja, inachora zile safu (mistari ya kulala) thelathini arobaini zinazoonekana, ukishuka inazitumia tena zilezile kwa data nyingine. Kinachotokea ni kwamba sisi wenyewe tunaizuia isifanye hivyo bila kujua. Kwenye WPF kosa maarufu ni kuiweka DataGrid ndani ya StackPanel au ndani ya ScrollViewer. Pale gridi inaambiwa una urefu usio na mwisho, basi inaamini, inatengeneza safu zote laki moja, na programu inalala. Itoe humo uiweke kwenye Grid yenye safu ya urefu wa nyota (*, yaani chukua nafasi iliyobaki), tatizo linaisha bila kugusa kitu kingine.

Kwenye Windows Forms angalia kama umewasha AutoSizeColumnsMode ya AllCells, maana inapima kila seli ya kila rekodi ili ijue upana wa koloni (mstari wa wima), weka DisplayedCells ipime zinazoonekana tu. Data ikiwa nyingi kweli washa VirtualMode, gridi inakuwa haishiki data kabisa, inakuuliza kwa iventi ya CellValueNeeded, nipe ya safu hii koloni hii, unaipa. Swing inafanya hivyo kwa TableModel, Qt kwa QAbstractTableModel pamoja na QTableView, na hapa wengi wanapotea kwa sababu wanachukua QTableWidget ambayo inataka kitu kimoja kwa kila seli, ni rahisi kuanza nayo ila ni nzito ukiijaza.

Halafu kuna swali ambalo sio la kodi. Nani anasoma rekodi laki moja? Nilipewa programu ya stoo ambayo ilikuwa inapakia bidhaa zote kila ikifunguka, dakika nzima watu wanasubiri, na mwenye kazi alishaamua anunue gridi ya bei kubwa. Nikakaa na wanaoitumia saa moja tu nikaona kila mtu kitu cha kwanza anachofanya ni kutafuta. Tukaweka sehemu ya kutafuta juu, gridi inaanza tupu, databezi inarudisha mia mbili za kwanza. Gridi ni ileile ya bure na hakuna aliyelalamika tena.

Nikibonyeza kitufe skrini inaganda mpaka kazi iishe. Komponenti mbovu?

Hapana, umeifanyisha kazi nzito kwenye thredi ya skrini (thredi ni mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu). Karibu fremuweki zote hizi zina thredi moja ndo yenye ruhusa ya kugusa skrini, hiyohiyo ndo inachora, inapokea mausi, inapokea kibodi. Ukiipa kazi ya kusoma faili kubwa au kusubiri seva haiwezi kuchora, na Windows ikiona dirisha halijapokea ujumbe kwa sekunde 5 inalifanya jeupejeupe na kuandika kwamba halijibu, mtumiaji anaiua programu katikati ya kazi.

Dawa ni kuipeleka kazi kwenye thredi nyingine na jibu kulirudisha kwa njia halali. C# tumia async na await, au BeginInvoke. WPF ina Dispatcher, Swing ina SwingWorker na invokeLater, Qt inapeleka kwa signali, Tkinter ina after. Usijaribu kuandika kwenye lebo moja kwa moja kutoka thredi nyingine, inaweza kufanya kazi mara tisini na tisa kwako halafu ikaanguka kwa mteja na hutoweza kuirudia.

Kuna mitego gani kwenye komponenti ndogondogo?

Ipo na inauma kuliko mikubwa, sababu hakuna anayesoma maelezo ya kontro ndogo.

NumericUpDown ya Windows Forms kikomo chake cha juu kikiwa hakijaguswa ni 100. Unatesti na idadi ya 5, ya 20, safi kabisa, siku mtu anafungua rekodi yenye 150 programu inaanguka. DateTimePicker haipokei tarehe kabla ya tarehe 1 Januari 1753, mwenye kazi za kumbukumbu za kale ajue hilo mapema.

Tena DateTimePicker haijui kuwa tupu. Hii nimeshuhudia madhara yake na sijasahau. Fomu ya kusajili watu ilikuwa na tarehe ya kuzaliwa, wasiojua tarehe yao karani anaruka, na kontro inahifadhi tarehe ya siku hiyo. Baada ya miezi tukakuta watu wazima mamia wamezaliwa siku waliyosajiliwa, na hakuna njia ya kujua yupi aliachwa tupu na yupi karani alikosea. Data ile haikurudi tena. Kama tarehe inaweza kukosekana, washa ShowCheckBox au tafuta kontro inayokubali utupu, na jambo hilo liulize kabla hujachora fomu.

Kwangu inapendeza, kwa mteja maandishi yamekatwa na vitufe vimepandana.

Skrini yake ina ukuzaji tofauti na yako. Wewe uko asilimia 100, yaani nukta 96 kwa inchi, yeye laptopu yake mpya iko 150 ambayo ni nukta 144. Umeweka kitufe kwa vipimo vya kudumu, maandishi yamekua kitufe hakijakua. Au programu yako haijatangaza kwamba inajua mambo ya ukuzaji, basi Windows inaivuta kama picha na kila kitu kina ukungu.

Acha kupanga vitu kwa namba za pikseli. Tumia vipangilio, TableLayoutPanel na Dock na Anchor kwenye Windows Forms, Grid kwenye WPF, leauti za Qt. Pia lugha, ukitafsiri programu neno fupi linakuwa refu mara mbili na kitufe cha upana wa kudumu kinakata. Mimi siku hizi natesti kila fomu kwa asilimia 100, 150 na 200 kabla sijaitoa, inachukua dakika chache.

Programu ikikaa wazi siku nzima inakuwa nzito, jioni inaanguka. Kwa nini?

Kuna vitu huvirudishi. Kwenye Windows kila programu kwa kawaida ina kikomo cha vitu 10,000 vya GDI, yaani fonti, brashi, picha na wenzao, na vya dirisha navyo vina kikomo chake kama hicho. Ukifika hapo skrini inaanza kuchora vipande vyeusi halafu kifo. Fungua Task Manager, ongeza koloni ya vitu vya GDI, tumia programu yako nusu saa uangalie. Namba ikipanda tu na haishuki, umeshapata pa kuanzia.

Wahalifu wa kawaida kwenye Windows Forms ni wawili. Wa kwanza, Controls.Clear() inazitoa kontro kwenye paneli lakini haiziui, lazima uziite Dispose wewe mwenyewe. Wa pili, fomu uliyoifungua kwa ShowDialog ikifungwa haijafa, iweke kwenye using ya C#, itaiua yenyewe ikimaliza. Alafu kuna iventi: fomu ikijisajili kusikiliza kitu kinachoishi muda wote wa programu na isijiondoe, fomu hiyo haitoki kwenye memori hata ukiifunga mara mia, na kila ukiifungua unaongeza nyingine.

Laiseni zinanichanganya. Bure ni bure?

Soma kabla ya kuinstoli, sio siku ya kuuza. GPL inamaanisha ukiisambaza programu yako na yenyewe inabidi itolewe kwa masharti hayohayo, kodi wazi. LGPL ni laini zaidi, unaweza kuuza programu iliyofungwa mradi mtumiaji abaki na uwezo wa kubadilisha ile maktaba, ndo maana watu wanaiunganisha kama DLL (faili la maktaba) la pembeni badala ya kuimeza ndani. Qt sehemu kubwa ni LGPL au ya kulipia, lakini moduli nyingine kama Qt Charts ni GPL au ulipe, na hapo ndo watu wanaponaswa, wanadhani Qt nzima ni kitu kimoja. Kwa Python, PyQt ni GPL au ulipie, PySide ni LGPL. wxWidgets na Lazarus zimeweka ruhusa ya ziada, unaweza kuziunganisha ndani bila kutoa kodi yako.

Za kununua, uliza mambo matatu: laiseni ni kwa kila devu (mwandishi wa programu) au kwa kampuni, kuna malipo kwa kila nakala ninayosambaza, na nikiacha kulipa kila mwaka toleo nililonalo linaendelea kufanya kazi au linazimika?

Nimerithi programu yenye OCX (faili la kontro ya ActiveX) ya zamani, kwenye mashine mpya inagoma.

Karibu kila mara ni 32 biti dhidi ya 64. Programu ya 64 biti haiwezi kupakia kontro ya 32 biti ndani yake, hakuna ujanja. Kama programu yako ya .NET imekompailiwa kama AnyCPU bila Prefer 32-bit kuwashwa, kwenye Windows ya 64 biti itaendeshwa kama 64 na italalamika kontro haijasajiliwa wakati umeisajili kwa mkono wako. Kompaila kama x86. Na kuisajili tumia regsvr32 iliyoko kwenye folda ya SysWOW64, maana majina yamekaa kinyume na mtu anavyofikiri: SysWOW64 ndo yenye vitu vya 32 biti, System32 ina vya 64. Ujue pia Visual Studio 2022 yenyewe ni ya 64 biti, kwahiyo fomu yenye kontro hiyo inaweza kukataa kufunguka kwenye dizaina hata kama programu inaendeshwa vizuri.

Watu wasioona wataweza kutumia komponenti hizi?

Kontro za kawaida za mfumo, ndiyo, zinajitambulisha zenyewe kwa programu za kusoma skrini kama NVDA. Shida ni zile za kuchorwa kwa mkono, zinapendeza sana machoni lakini kwa msomaji wa skrini pale pana mraba mtupu. Kabla hujaichukua, instoli NVDA, ni ya bure, zima skrini, jaribu kujaza fomu kwa kibodi peke yake. Ukishindwa wewe uliyeitengeneza, mwenzako atashindwa. Na vitufe vyenye picha tu vipe AccessibleName (jina ambalo msomaji wa skrini atalisoma), ni neno moja kwa kila kitufe na kuna mtu anapata au anakosa kazi kwa neno hilo.

Nitajilindaje komponenti ikifa au nikitaka kuibadilisha?

Usiiruhusu ienee. Niliingia kwenye mradi wenye fomu zaidi ya mia, kila fomu inaita gridi ya kununua moja kwa moja, propati zake, iventi zake, aina zake za data zimeingia mpaka kwenye mahesabu. Walioiuza wakaacha kuitengeneza, kodi yake hatukuwa nayo, na toleo jipya la fremuweki likaikataa. Kuitoa kulituchukua karibu mwaka.

Tangu hapo natengeneza kontro yangu, mfano naiita GridiYetu, ndani yake inabeba ile ya kununua, na fomu zote zinaijua GridiYetu peke yake. Inatoa vile tunavyohitaji tu: pakia data, nipe safu iliyochaguliwa, safu imebonyezwa mara mbili, toa kwenda Excel. Mahesabu hayajui kama kuna gridi duniani. Utaona kama kazi ya ziada wiki ya kwanza, ila mipangilio ya rangi na fonti na lugha nayo inakaa sehemu moja, kwahiyo inajilipa hata kama hutaibadilisha kamwe. Na ukinunua, kama wanauza na kodi yake, chukua na kodi, alafu hakikisha unaweza kuikompaili kwenye mashine yako siku hiyohiyo.

Nitajuaje komponenti ni nzuri kabla sijafunga nayo ndoa?

Usiamini demo, demo ina data kumi zilizopangika. Chukua siku mbili tengeneza fomu yako moja iliyo ngumu kuliko zote, kwa data zako halisi, zile zenye majina marefu na tarehe tupu. Ipeleke kwenye mashine dhaifu kuliko zote za wateja wako. Ikuze skrini asilimia 200. Ifungue na kuifunga mara mia mbili kwa lupu huku unaangalia memori. Tafuta orodha ya bagi (makosa) zao uone bagi ya mwaka jana imejibiwa au imeachwa, na apdeti ya mwisho ilitoka lini, na ilivunja vitu vingapi.

Baada ya hapo jaribu kuitoa. Kweli, ifute kwenye ile fomu moja uweke ya kawaida ya fremuweki, uhesabu umegusa mafaili mangapi. Ikiwa ni faili moja, inunue.